Kilichobaki Chini ya Sheli

Kituo cha mafuta kinapofungwa, vitu vya juu huondoka upesi. Pampu hung'olewa, paa na nguzo zake huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kiwanja cha kando ya barabara kuu hakikosi mteja. Matangi ndiyo hubaki nyuma. Yamezikwa chini, kuyafukua ni gharama, na asiyejua yaliko hana sababu ya kuyatafuta. Miaka michache baadaye mahali hapo pana maduka ya ghorofa, au gereji, au shule ya chekechea, na jirani amechimba kisima kirefu cha kuuza maji kwa ndoo. Swali ni hili: tutajuaje kama petroli ya zamani imeingia kwenye udongo na maji ya hapo, na nani atalazimika kulijibu ikiwa mwenye sheli amekwisha kuondoka?

Wataalamu wana vifaa vizuri vya kulijibu. Maabara ya kisasa inaweza kuona kemikali ya petroli hata ikiwa ni mikrogramu moja ndani ya lita nzima ya maji. Ugumu uko kwingine. Kiwanja cha mita 40 kwa 40 hutobolewa matundu manane au kumi, kila moja upana wa kiganja, na kutokana na hayo mtu huandika kwamba pana usalama au hapana. Matokeo hutegemea mno wapi pametobolewa na lini, na uamuzi huo mara nyingi hufuata mfuko wa anayelipia uchunguzi.

Watu wakisikia kituo kilivuja hudhani tangi lilipasuka. Kwa kawaida haiwi hivyo. Tangi la chuma tupu lililozikwa kwenye udongo wa unyevu na chumvi huliwa na kutu polepole, na mabomba na maungio yake mara nyingi huvuja kabla yake. Kuna pia tundu la aina ya pekee. Kila siku mhudumu huteremsha fimbo ya kupimia kupitia mdomo wa kujazia, nayo hugonga sakafu ya tangi mahali palepale, mwaka baada ya mwaka, mpaka chuma kinachakaa na kutoboka. Ndiyo maana matangi ya baadaye yaliwekewa bamba la kinga chini ya mdomo huo. Mchunguzi mzoefu hutaka kujua mapema mdomo wa kujazia ulikuwa wapi, kwa kuwa hapo hukutana mambo mawili: tundu la fimbo chini, na mafuta yaliyodondoka juu kila mara lori lilipochomoa mpira wake.

Tone moja kwa sekunde kwenye ungio lililolegea ni lita 4 hivi kwa siku, kama lita 130 kwa mwezi, zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Daftari la kituo haliwezi kuliona. Kanuni za Marekani kwa vituo vinavyotegemea fimbo zinataka mwenye kituo aanze kushuku pale tu tofauti ya mwezi inapozidi asilimia 1 ya mafuta yaliyopita tangini pamoja na galoni 130, yaani karibu lita 490. Tone letu la kila sekunde linapita chini ya kizingiti hicho kwa raha zake. Joto nalo huchanganya hesabu zaidi: petroli hutanuka kwa takriban sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja, hivyo lita 10,000 zikipoa nyuzi 5 hupungua kama lita 50 bila chochote kumwagika. Meneja anayesema kwa dhati kwamba kituo chake hakikuwahi kupoteza mafuta huenda anasema kweli kama anavyoijua, daftari likamuunga mkono, na bado udongo ukawa umelowa.

Petroli ikishuka ardhini hupita kwenye nafasi kati ya chembe za udongo, na nyingine hunasa humohumo. Ikifika kwenye usawa wa maji haizami, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Hutandaa juu yake. Kisha zinakuja mvua. Masika ikipandisha maji, petroli hupanda nayo. Kiangazi kikiyashusha, hushuka nayo, ikiacha mabaki kwenye udongo wa kimo chote ilichopitia, kama mafuta yanavyoacha utando kwenye kuta za sufuria mchuzi unapopungua. Udongo huo uliopakwa ndio hazina halisi ya uchafuzi. Anayepima udongo wa juu tu, mita moja au mbili, atapata mchanga safi. Na anayechukua sampuli za maji kiangazi tu ataona nusu ya mambo, kwa sababu sehemu kubwa ya mabaki iko juu ya maji ya msimu huo.

Kati ya mamia ya kemikali zilizomo kwenye petroli, nne hutafutwa kwanza: benzini, tolueni, ethilibenzini na zaileni. Benzini ndiyo inayotisha, kwa kuwa inasababisha saratani ya damu na inayeyuka kwenye maji kuliko wenzake. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango chake katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Marekani inaruhusu 5. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha maana yake. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Ikiwa asilimia 1 yake ni benzini, hizo ni gramu 7.4, na gramu hizo zikiyeyuka zote zinatosha kufikisha lita 740,000 za maji kwenye kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Hilo ni karibu bwawa kubwa la kuogelea, kwa lita moja tu.

Hata hivyo, uchunguzi mzuri huanza mezani kabla ya mashine ya kuchimba kukodiwa. Hutafutwa hati za kiwanja, michoro ya ujenzi, picha za angani za miaka ya nyuma, leseni, na wazee wa mtaa wanaokumbuka pampu zilisimama upande gani. Pasipo michoro hutumika mitambo ya kusoma ardhi: ya sumaku, inayohisi chuma kilichozikwa, na ya rada, inayoonyesha umbo la tangi. Tarehe za kituo zina uzito wake pia. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, baada ya Azimio la Dakar la 2001. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Sheli iliyofanya kazi miaka ya 1970 na 1980 ilihifadhi mafuta yenye risasi, pamoja na kemikali za bromini na klorini zilizotiwa ili risasi isigande kwenye injini. Moja ya hizo, ambayo kwa kifupi huitwa EDB, ina kiwango cha Marekani cha mikrogramu 0.05 kwa lita, mara mia moja chini ya kile cha benzini. Mchunguzi asiyejua umri wa kituo hataagiza kipimo hicho, na maabara haipimi kisichoagizwa. Ripoti itasema maji ni safi, nayo itakuwa haijadanganya hata neno moja.

Ndipo mashine huja. Siku hizi mara nyingi ni mtambo mdogo unaosukuma bomba la chuma ardhini na kurudi na mche mrefu wa udongo ndani ya mrija wa plastiki. Mche hupasuliwa, na kifaa cha mkononi cha kunusa mvuke hupitishwa juu yake. Palipo na namba kubwa, pamoja na rangi ya kijivu na harufu, ndipo sampuli huchukuliwa. Inabidi iwe haraka, maana benzini huruka hewani. Udongo ulioachwa juani dakika chache, au uliowekwa kwenye mfuko mlegevu, hufika maabara ukiwa msafi kuliko ulivyotoka ardhini. Kwa sababu hiyo udongo hutumbukizwa palepale kwenye kichupa chenye methanoli, au hufungiwa kwenye kibomba kisichopitisha hewa. Haya yanaonekana madogo, na ndiyo yanayotenganisha uchunguzi na maigizo ya uchunguzi.

Visima vya uchunguzi vinahitaji umakini zaidi. Ni bomba la plastiki la inchi 2 lenye matundu membamba sehemu ya chini, limezungushiwa mchanga uliochekechwa, na juu ya mchanga hufungwa kwa udongo maalumu unaovimba ukilowa ili maji ya mvua yasishuke moja kwa moja. Matundu hayo yanatakiwa yapite kwenye usawa wa maji, juu kidogo na chini. Kisima ambacho matundu yake yote yamezama mita tatu chini ya maji hakitaona petroli iliyotandaa juu hata kama imo ya unene wa dole gumba. Inawezekana kabisa kukichimba hivyo kwa makosa. Inawezekana pia kukichimba hivyo kwa makusudi. Ndiyo maana mtu anayeijua kazi hii, akipewa ripoti, hufungua kwanza ukurasa wenye michoro ya visima na kuliacha jedwali la matokeo kwa baadaye.

Kuchota sampuli nako kuna mitego. Maji yaliyotuama kisimani huondolewa kwanza, au hupampiwa polepole sana, chini ya nusu lita kwa dakika, ili yatoke maji ya ardhini yenyewe. Kichupa cha mililita 40 hujazwa mpaka kisibaki na kiputo cha hewa hata kimoja, kwa kuwa benzini itahamia kwenye hewa hiyo. Hutiwa asidi, hukaa kwenye barafu, na husindikizwa na kichupa kingine cha maji safi kilichosafiri nacho tangu maabara. Hicho kikionyesha petroli, tatizo liko kwenye sanduku wala si kwenye ardhi. Jenereta ya petroli inayoendesha pampu, ikiwekwa upande upepo unakotoka, inaweza kuchafua kazi ya siku nzima.

Kisima kimoja hakionyeshi mwelekeo. Vinahitajika angalau vitatu, visivyo kwenye mstari mmoja, midomo yake ikiwa imepimwa kimo kwa usahihi wa milimita, ndipo ijulikane maji yanateremkia upande gani. Na huo mwelekeo si wa kudumu. Kisima cha jirani kinachopampu mchana kutwa huyavuta maji yaje kwake, na uchafu ukafuata, hata kama kwa asili maji yalikuwa yakielekea baharini.

Santa Monica, jimbo la California, ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 mji huo uligundua kwenye visima vyake vya Charnock kemikali iitwayo MTBE, iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli ili iungue vizuri na kupunguza moshi. Kufikia 1996 visima vilikuwa vimefungwa, na mji ukapoteza karibu nusu ya maji yake. Chanzo hakikuwa kimoja. Wachunguzi waliorodhesha takriban maeneo 30 ya kushukiwa, karibu yote vituo na maghala yenye matangi ya chini ya ardhi, na kila kampuni ilikuwa na sababu ya kumnyooshea kidole jirani yake. Kesi na maridhiano vilichukua miaka. Mtambo wa kusafisha maji ya Charnock ulianza kazi mwishoni mwa 2010. Gavana Gray Davis alikuwa ameagiza mwaka 1999 kwamba MTBE iondolewe kwenye petroli ya jimbo hilo.

Santa Monica inafundisha pia kwamba kemikali hazisafiri sawa. Mwaka 1995, utafiti wa maabara ya Lawrence Livermore ulichunguza vituo vingi vilivyovuja California na kukuta kwamba mkondo wa benzini kwa kawaida hauvuki mita 80 hivi kutoka kwenye chanzo. Sababu ni bakteria. Wako kwenye kila udongo, na wanakula petroli, kwanza kwa kutumia oksijeni, na oksijeni ikiisha wanatumia naitreti, chuma na salfeti. MTBE iliwashinda kwa kiasi kikubwa, na kwa kuwa huyeyuka sana majini ilikimbia mbele. Mimi nauheshimu utafiti huo, lakini naona umekuwa ukitumiwa vibaya: watu huuchukua kama ruhusa ya kutochimba. Mita 80 ni kipimo cha udongo wa California, wa mchanga na matope. Mwamba wenye nyufa haumo kwenye hesabu hiyo.

Kwetu hilo ni jambo zito. Mombasa na Unguja zimekaa juu ya mawe ya matumbawe yaliyojaa nyufa na mapango, ambamo maji husafiri kama kwenye mfereji, bila kukawia kwenye udongo ambao bakteria wangefanya kazi yao. Unguja inategemea maji ya ardhini kwa karibu maji yake yote ya kunywa. Dar es Salaam iko juu ya mchanga wa pwani, ambao sehemu nyingi una maji karibu na uso wa ardhi. Tangu ukame wa 1997 visima vya serikali na vya watu binafsi vimezidi kuongezeka, na mitaa mingi huishi kwa kisima cha jirani mwenye pampu. Nairobi, juu ya miamba ya volkano, visima vyake huenda kina cha mamia ya mita, na hilo huwapa watu faraja isiyostahili: kisima kirefu kisichofungwa vizuri pembeni mwa bomba lake ni njia ya moja kwa moja kutoka juu hadi chini.

Sheria zinataka mwenye kisima kirefu awe na kibali, kutoka bodi za mabonde nchini Tanzania na Mamlaka ya Rasilimali za Maji nchini Kenya. Visima visivyo na kibali ni vingi. Mchunguzi anayechora ramani ya hatari kwa kutumia daftari rasmi pekee atachora mtaa usio na wanywaji. Hapa hakuna mtambo unaosaidia. Ni kuzunguka kwa miguu nyumba kwa nyumba na kuuliza nani anachota wapi. Katika mazingira yetu kazi hiyo ya mjumbe wa nyumba kumi naiweka mbele ya rada na sumaku.

Mvuke nao haupaswi kusahauliwa. Petroli iliyo karibu na msingi wa jengo hupenya kwenye nyufa za sakafu hadi ndani ya vyumba. Mwongozo wa Marekani wa 2015 unasema bakteria wakipewa mita 1.8 za udongo safi wenye hewa juu ya maji yaliyochafuka, au mita 4.6 juu ya petroli yenyewe, kwa kawaida huumaliza mvuke kabla haujafika sakafuni. Tena ni udongo, si matumbawe.

Linabaki suala la fedha. Marekani ilifikia suluhisho lake kwa kuchelewa. Sheria yake kubwa ya usafishaji ya 1980 iliiacha petroli nje. Ilipofika 1984 Bunge likaweka matangi ya chini ya ardhi chini ya usimamizi, na 1986 likaanzisha mfuko unaolishwa na sehemu ya kumi ya senti kwa kila galoni iuzwayo. Wenye vituo walipewa hadi tarehe 22 Desemba 1998 kuboresha matangi yao au kuyafunga, na wadogo wengi wakafunga. Tangu usimamizi huo uanze 1984 imethibitishwa mivujo zaidi ya 500,000, na mingi imesafishwa, kwa gharama ya wastani inayozidi dola 100,000 kila mmoja. Mfuko huo ndio uliowezesha kuchimba mahali ambapo mwenye kituo amefilisika au amefariki.

Tanzania, kupitia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na Kenya, kupitia ile ya 1999, zote zimeandika kwamba mchafuzi ndiye hulipa. Kanuni za tathmini za nchi zote mbili zinautambua pia wakati wa kuufunga mradi. Lakini kanuni ya mchafuzi hulipa inataka mchafuzi awepo. Thange, kaunti ya Makueni, bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi 1978, lilivuja na mafuta yakaonekana mtoni 2015. Mwenye bomba alijulikana siku ile ile: kampuni ya umma yenye ofisi, mali na mawakili. Hata hivyo ilichukua miaka kumi kabla mahakama haijaamuru, 2025, wakazi walipwe zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya. Sasa chukua sheli ya mtu binafsi iliyofungwa 1994, ikauzwa mara tatu, na jina la kampuni ya kwanza halipo tena kwenye daftari la makampuni. Mwanakijiji wa hapo atamshtaki nani?

Kwa hiyo naona siku ya kufunga ndiyo siku ya kuchunguza, na isiruhusiwe kupita. Kanuni za Marekani zinamtaka mwenye kituo apime udongo pale anapofunga tangi, kwenye sehemu ambazo uvujaji unatarajiwa zaidi. Shimo likiwa wazi hakuna haja ya mashine ya kutoboa. Mtu hushuka, au huinua udongo kwa ndoo ya mashine iliyofukua tangi, na kuchukua sampuli kwenye ncha zote mbili za sakafu ya shimo, chini ya mdomo wa kujazia, na chini ya kila ungio la bomba na pampu. Tangi lenyewe hulala palepale likiwa limegeuzwa, na matundu yake yanahesabika kwa macho. Ushahidi huo hautarudi tena. Jioni yake tangi limepakiwa kwenye lori la chuma chakavu na shimo limejazwa kifusi.

Mamlaka inayotoa leseni ya kuuza mafuta ina mkononi kitu ambacho mahakama haina, nacho ni dhamana inayoweza kudaiwa kabla ya pampu ya kwanza kuwashwa na kurudishwa tu baada ya majibu ya shimo kufika. Kiasi chake si lazima kiwe kikubwa. Kitoshe kulipia sampuli kumi na mbili, maabara, na kisima kimoja cha uchunguzi upande maji yanakoteremkia. Benki zinazokopesha wanunuzi wa viwanja vya barabarani nazo zina sababu zao za kudai karatasi hiyo, kwa sababu kiwanja kilichochafuka ni rehani mbovu. Mpaka sasa mnunuzi anayeuliza matangi yako wapi hujibiwa na dalali kwamba yalishatolewa zamani, na haonyeshwi picha ya shimo wala karatasi ya maabara.